Jioni Popo Walipojaa Kwenye Rada

Katika kituo cha rada nilikojifunzia utabiri wa hali ya hewa, zamu ya jioni wakati wa kiangazi ilihesabiwa kuwa zamu nyepesi. Hakuna mawingu, hakuna radi, hakuna rubani anayepiga simu kuulizia dhoruba. Antena inazunguka ndani ya kuba lake, kioo kinabaki cheusi, nawe unapata nafasi ya kusoma. Ndiyo maana naikumbuka vizuri jioni ambayo doa la kijani lilijitokeza kusini mwa kituo muda mfupi baada ya jua kuzama, mahali ambapo picha za setilaiti hazikuonyesha hata utando wa wingu.

Doa lilikua. Kila picha mpya ilipoingia lilikuwa limetanuka zaidi, kisha katikati yake pakaanza kupauka, hadi likawa pete. Mvua haina tabia hiyo. Wingu la mvua huchukuliwa na upepo kuelekea upande mmoja, lakini hili lilikuwa linasambaa pande zote kwa wakati mmoja, na chimbuko lake lilikuwa sehemu moja tu.

"Hao ni popo, dada," alisema mwenzangu wa zamu, aliyenitangulia kazini. "Chuja hiyo picha, watatoweka."

Mwalimu wetu alikuwa bado ofisini. Alivuta kiti akaketi pembeni yangu. "Mwenzako amesema popo. Sitaki kusikia amesema nini, nataka unithibitishie."

Nikaanza na rada yenyewe. Rada hutoa mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Muda wa mwangwi kurudi hueleza umbali, na nguvu yake hueleza kuna kiasi gani cha vitu huko. Mwangwi huo peke yake hauelezi kama kilichourudisha ni tone la maji au kiumbe chenye roho. Mawimbi ya rada kubwa za hali ya hewa yana urefu wa sentimita 10 hivi, na maji huyarudisha vizuri. Sasa mwili wa popo, kama wa ndege, sehemu yake kubwa ni maji. Tone la mvua lina kipenyo cha milimita chache tu. Ukiongeza kipenyo hicho mara 2, mwangwi wake huongezeka mara 64. Kanuni hiyo haifuatwi hivyo hivyo kwa mwili mkubwa unaokaribia urefu wa wimbi, lakini popo mmoja bado hurudisha mwangwi mwingi kuliko tone moja. Kwa hiyo popo waliotawanyika angani, kila mmoja mbali na mwenzake, wanaweza kuonekana kiooni kama manyunyu.

"Hiyo inaonyesha kwamba wanaweza kuwa popo," mwalimu akasema. "Haionyeshi kwamba ni popo."

Nikafungua picha ya kasi. Rada ya Doppla hupima kama kitu kinakuja au kinaondoka, na kwa mwendo gani. Nilikuwa na vipimo vya upepo kutoka kwenye puto lililorushwa mapema jioni hiyo. Nilipolinganisha, upande mmoja wa pete ulikuwa unakwenda kinyume cha upepo. Nilisisimka mwili mzima. Matone hayawezi kufanya hivyo, wala vumbi, wala moshi. Kuendea kinyume cha upepo kunataka mbawa.

Kilichobaki kilikuwa umbo. Rada yetu ilituma mawimbi ya aina mbili, ya mlalo na ya wima, kisha ikapima kama myangwi yake inafanana. Matone ya mvua yana maumbo yanayokaribiana, kwa hiyo kipimo hicho hukaribia 1, kwa kawaida zaidi ya 0.95. Wanyama wanaopiga mbawa, wengine wakigeuka, wengine wakipanda, hukishusha sana. Ndani ya pete ile kilikuwa kimeshuka chini mno kwa mvua. Hapo ndipo mwalimu alipotikisa kichwa kukubali, akamwambia mwenzangu asichuje chochote hadi pete ifike mwisho.

Akatusimulia habari ambayo mimi sikuwahi kuisikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waendesha rada wa Uingereza waliona myangwi isiyoeleweka, wakaiita malaika. Mwaka 1945 wanabiolojia David Lack na George Varley waliandika katika jarida la sayansi la Nature kwamba rada hugundua ndege. Miaka ya 1960 mtaalamu wa ndege wa Marekani, Sidney Gauthreaux, alianza kutumia rada za hali ya hewa kufuatilia ndege wahamao wanaovuka Ghuba ya Meksiko. Watu hawa walichukua kile ambacho wengine walikiona uchafu wa kufutwa, wakakisoma. Mpaka leo nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Lakini mwalimu hakutaka iishie kwenye kioo. Jioni iliyofuata alinipeleka pangoni, huku mwenzangu akibaki kituoni na simu mkononi.

Walianza kutoka kukiwa bado na mwanga. Kwanza wachache, wakizunguka mdomoni mwa pango, kisha mfululizo usiokatika, mzito kiasi cha kuficha kipande cha anga. Walikuwa popo wadogo wanaokula wadudu, na mbawa zao zikipita juu yetu zilivuma kama mvua inayoanza kudondoka majanini. Nikampigia mwenzangu.

"Unawaona?"

"Kweupe. Hakuna kitu."

Nilikuwa nimesimama chini ya maelfu kwa maelfu ya wanyama, na kioo kilikuwa kitupu! Mwalimu akaniuliza pango liko umbali gani kutoka kituoni. Kilomita 60 hivi. Mwale wa chini kabisa wa rada yetu ulielekezwa nyuzi nusu juu ya upeo wa macho, na dunia nayo hujipinda kadiri unavyokwenda mbali. Ukipiga hesabu, kitovu cha mwale huo kilipita kama mita 700 juu ya vichwa vyetu. Popo walikuwa bado chini yake. Tukasubiri. Mkondo uliinuka, ukapinda kuelekea mashariki, ukawa uzi mwembamba, na simu ikaita.

"Wameingia!" Sauti ya mwenzangu ilikuwa imebadilika kabisa. "Kijani kimetokea palepale pangoni. Sasa kinaelekea mashariki."

Kuanzia hapo yeye alinisomea, nami nilimwambia ninachokiona, mpaka giza likaninyang'anya macho na yeye akaendelea peke yake. Alikuwa anafuata kundi ambalo mimi niliyekuwa karibu nalo nisingeweza tena kulipata. Pengo la katikati ya pete nalo lilieleweka: pango lilipokwisha kutoa popo wake, waliotangulia walikuwa wameshatawanyika mbali kuelekea mawindoni. Mbayuwayu hufanya pete za namna hiyo alfajiri, makundi yao makubwa yanapoondoka malaloni. Huko Texas, popo wa pango la Bracken, ambao hukadiriwa kuwa milioni 15 au zaidi, hujaza rada za eneo hilo jioni za kiangazi.

Tuliporudi kituoni mwenzangu alikuwa ameshaijaza daftari ya zamu. Kwenye safu ambayo siku zote iliandikwa "hakuna cha kuripoti" aliandika saa ya popo kuonekana, umbali, mwelekeo na urefu wao kutoka ardhini, akawapigia simu waongoza ndege wa uwanja wa karibu ili marubani wanaotua wajulishwe. Mwalimu alisoma, akaweka sahihi yake chini ya yale maandishi.