Siku moja ya mtendaji wa kijiji: muhuri, rejesta na hesabu zisizolingana

Saa 1:30 asubuhi. Benchi la nje limeshajaa. Karibu wote wanataka barua ya utambulisho: huyu ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, yule ya benki, mwingine ya kumdhamini ndugu yake. Utaratibu ni mmoja: nianze kuona karatasi ya mwenyekiti wa kitongoji. Yeye ndiye anayemjua mtu kwa sura na nyumba; mimi nina muhuri tu. Mtendaji anayegonga kwa kuwa "namfahamu mjomba wake" ndiye huitwa kujieleza mdhamini akitoweka.

Saa 3. Rejesta ya wakazi. Wenyeviti wa vitongoji wameleta waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Chukua kaya moja: ilikuwa na watu 7. Binti kaolewa kata ya jirani, toa 1. Mjukuu kaletwa na mama aliye mjini, ongeza 1, na pembeni niandike katoka wapi, maana huenda huko bado hajaondolewa. Babu kafariki miezi minne iliyopita na hakuna aliyeleta taarifa, toa 1. Wamebaki 6. Jina nalikata kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu na tarehe, libaki linasomeka. Ukurasa uliochanwa hauna utetezi mbele ya mkaguzi.

Vifo ndivyo vinavyotuangusha zaidi. Mtoto akizaliwa, mama anahitaji cheti, atakuja mwenyewe. Marehemu hana anayemfuatilia mpaka mirathi ilete ugomvi. Tatizo la pili ni mume mwenye wake wawili na nyumba mbili. Kipimo ni chungu cha kupikia: wanaopika na kula pamoja ni kaya moja. Mume anaandikwa pale anapolala siku nyingi, basi. Ukimwandika kote umezalisha mtu asiyekuwepo.

Saa 5. Simu ya wilayani: mbona idadi yako haifanani na ya sensa? Haipaswi kufanana. Sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti. Kijana aliyekuwa kibaruani mkoa mwingine alihesabiwa huko. Kwenye rejesta ni mkazi wangu. Na tangu usiku ule watu wamezaliwa, wamehama, wamekufa. Kwa hiyo sizilazimishi zilingane, ingawa wapo wanaofanya hivyo ili simu ikatike haraka. Wakitaka takwimu rasmi za mipango nawapa za sensa. Nikipanga zamu za kuchimba msingi wa darasa, natumia rejesta, kwa sababu sensa haina majina ya kuita.

Saa 7. Taarifa ya mwezi inakwenda kwa mtendaji wa kata, katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani. Hapa wananchi huchanganya ofisi. Mkuu wa Wilaya anateuliwa na Rais na anasimamia Serikali Kuu wilayani. Fedha na watumishi wa halmashauri ya wilaya wako chini ya Mkurugenzi Mtendaji wake. Malalamiko ya zahanati kukosa mganga yakianzia kwa Mkuu wa Wilaya, barua itazunguka na kurudi kwa Mkurugenzi, wiki zimekwenda.

Saa 8. Ombi la ardhi. Halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, inajadili, lakini haigawi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia, yaani wakazi wote wa miaka 18 na zaidi. Muhtasari usio na orodha ya mahudhurio yenye sahihi hauna nguvu kesi ikitokea. Nakagua sahihi moja moja. Mbili zina mwandiko uleule. Karatasi inarudi kitongojini.

Saa 9:30. Nabandika ubaoni tangazo la mkutano wa robo mwaka pamoja na mapato na matumizi. Nagonga muhuri, naandika tarehe na saa ya kubandika. Atakuwepo tu wa kudai tangazo lilibandikwa jana yake.