Tundu la Maji Chini ya Dirisha

Rangi ilianza kuvimba wiki ya pili ya mvua za Aprili. Nilifika stesheni asubuhi ya Jumamosi na thamosi ya chai na mandazi kama kawaida, nikaenda moja kwa moja kulitazama behewa letu. Chini ya dirisha la tatu nikaona uvimbe wa ukubwa wa kiganja. Nikaubonyeza. Yakatoka maji meusi, yakateremka juu ya rangi tuliyokuwa tumeipaka kwa miezi miwili huku tukiisifia. Nilikaa chini juu ya reli nikawangoja wenzangu. Sikujua nitawaambia nini.

Mimi ni mwalimu hapa Jinja, na ni mtoto wa reli. Baba alikuwa gadi. Nilikulia katika nyumba za reli Tororo, ambako Mteso, Mjaluo, Msamia na Mganda waliishi ukuta kwa ukuta, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Wengi hapa Uganda wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari. Kwetu ndiyo lugha tuliyoitwa nayo kula. Stesheni masta, gadi, faiamani, karakana, behewa: maneno hayo niliyajua kabla sijajua kushika kalamu. Kwa hiyo niliposikia kwamba makumbusho ya reli hapa Jinja yana behewa la abiria linalohitaji mikono ya kujitolea, sikuuliza maswali mengi. Nilikwenda.

Tulikuwa kundi la ajabu kidogo. Wastaafu wawili wa reli, vijana wanne wa shule, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, kinyozi wa Walukuba anayependa treni kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na mjenzi wa mitumbwi kutoka Masese. Huyu wa Masese alikuja siku ya kwanza kututazama tu, akarudi Jumamosi iliyofuata na patasi zake.

Behewa lenyewe ni la daraja la pili, lenye vyumba vya vitanda vya kukunja, la wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na shirika moja la reli. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977 na kila nchi ikabaki na mabehewa yake. Tulipoanza kukwangua rangi tulipita tabaka nne, na chini ya zote tukakuta rangi ya damu ya mzee, na juu yake alama hafifu za herufi tatu: EAR, yaani East African Railways, jina la shirika hilo. Kinyozi wetu alivua kofia.

Hapo kwenye kukwangua ndipo tulipofanya kosa la kwanza, na nalisema ili mwingine asilirudie. Jumamosi mbili nzima tulipiga msasa mkavu, vumbi likijaa behewani mpaka hatuonani. Rangi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi la risasi likiingia mwilini halina mzaha, hasa kwa vijana. Tulipolijua hilo tulisimama siku hiyohiyo. Tangu hapo tunakwangua kwa maji: msasa wa majimaji, ndoo, vitambaa, barakoa nzuri si ile ya karatasi, na mabaki yote yanaingia kwenye mfuko na kufungwa. Hakuna anayekula kabla ya kunawa mpaka kwenye viwiko. Mandazi yangu yakahamishiwa upande wa pili wa jukwaa.

Kosa la pili ndilo lile la uvimbe. Tuliona mbao za nje ni ngumu, tukazisafisha, tukaziba nyufa kwa pati, tukapaka praima na rangi. Likang'aa. Watoto wa shule waliokuja kutembea walipigia picha pale.

Mmoja wa wastaafu wetu, ambaye sote tunamwita Mzee tu, alikuwa ameugua wakati huo wa kupaka rangi. Kabla ya mwaka 1977 alikuwa seremala wa mabehewa Nairobi, akarudi nyumbani shirika lilipovunjika. Alipokuja Jumamosi ile na mkongojo wake, akatazama uvimbe, akanitazama mimi.

"Mwalimu, mgonjwa mmempaka poda. Kidonda mlikitazama?"

Akaomba bisibisi. Akaiweka chini ya nguzo ya dirisha, pale inapokutana na boriti ya sakafu, akasukuma bila nguvu yoyote. Ikaingia mpaka kwenye mpini.

Ninataka kulieleza dirisha hili vizuri, kwa sababu ndilo lililotufundisha kila kitu kingine. Dirisha la behewa la aina hii halifunguki kwa nje kama la nyumbani. Linashuka. Unaminya vishikio viwili vya shaba ya njano, fremu ya kioo inateremka ndani ya ukuta, na nyuma yake kuna fremu nyingine ya luva, vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, kwa ajili ya jua. Maana yake ukuta uko wazi ndani, kama mfuko wa shati, na mdomo wa mfuko unatazama juu. Mvua ikipiga, maji yanateleza kwenye kioo na kuingia mfukoni humo. Hakuna namna ya kuyazuia yote.

Walioyajenga mabehewa haya walilijua hilo. Chini ya kila mfuko waliweka bati lililoinamishwa, na kwenye pembe ya chini wakatoboa tundu la unene wa kidole, linalotokea chini ya behewa. Maji yanaingia, maji yanatoka. Tundu likiziba, maji yanakaa, na mbao inayanywa taratibu kutoka chini kwenda juu, huku uso wa nje unaonekana mzima. Ndiyo maana sisi hatukuona kitu.

Tulipolivua dirisha la tatu na kuingiza mkono mfukoni, tulitoa ndoo nzima ya uchafu uliogandana. Maganda ya karanga. Makapi ya miwa. Kitana. Nusu ya tiketi ya kadi ngumu, zile ndogo zilizotobolewa na gadi. Na kwenye tundu lenyewe, limekaa kama kifuniko, senti kumi la Afrika Mashariki, lile lenye tundu katikati, na hilo tundu nalo limeziba kwa udongo. Niliiosha tiketi ile kwa mate na kitambaa, nikatafuta jina la stesheni, lakini wino ulikuwa umekwisha. Baba yangu alitoboa maelfu ya tiketi kama hizo. Niliomba ruhusa nikaishika kwa muda kabla haijaingia kwenye kabati la makumbusho.

Basi tukaanza upya, dirisha moja baada ya jingine, na yapo madirisha 14.

Kazi ya kwanza ni kutoa skrubu, na ukikosea hapo unaharibu mbao nzima. Zimejaa rangi, zimeshika kutu. Mzee alitufundisha kusafisha mfereji wa kichwa cha skrubu kwa kipande cha msumeno wa chuma, kisha kuweka ncha ya moto ya chuma cha kulehemu juu yake kwa dakika moja hivi. Chuma kinapanuka, kinapopoa kinaachia. Bisibisi lazima ijaze mfereji wote, isichezecheze. Na kabla ya kulegeza, kaza kwanza, kiasi cha unywele tu. Utasikia mlio mdogo kama kijiti kinachovunjika. Hapo ndipo unageuza kushoto. Vijana hawakuamini hilo la kukaza mpaka walipovunja vichwa vitatu.

Mbao ilitusumbua zaidi. Nguzo zilizooza hatukutaka kuzitoa zote, kwa sababu sehemu ya juu ya kila nguzo ilikuwa nzima kabisa. Tulihitaji mvule mkavu, na mvule mkubwa siku hizi haupatikani kirahisi hata hapa Busoga, nchi iliyosifika kwa miti hiyo. Tuliokolewa na duka la zamani mjini lililokuwa likibomolewa. Mwenye kiwanja alitupa fremu za milango kwa bei ya kuni. Tulipitisha sumaku juu ya kila ubao kutafuta misumari iliyofichika, tukajiona tumejiandaa. Lakini mvule una jambo jingine: ndani ya mti hukua vipande vyeupe vya chokaa, vigumu kama jiwe, na sumaku haivioni. Randa ya umeme ya fundi wetu iligonga kimoja, kisu kikamenyeka. Kuanzia hapo yule bwana wa Masese akakataza mashine. Akawa anapiga randa kwa mkono, anasikiliza mlio, na mara nyingi alisimama kabla ya jiwe. Miaka yote amejenga mitumbwi kwa mvule, mkono wake unaujua. Vumbi la mvule nalo linawasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa hazikuvuliwa.

Yeye ndiye aliyetuongoza kwenye kuunga. Tulidhani tutakata mkato ulionyooka na kupigilia misumari. Akasema kiungo cha namna hiyo hakikai mwaka. Mkato uwe wa mshazari, na urefu wa mshazari uwe mara nane ya unene wa mti: nguzo ya sentimita 5, mkato wa sentimita 40. Gundi inapata uwanja mpana wa kushika. Mshazari uelekee nje na chini, ili tone lolote likifika kwenye kiungo liteleze kutoka, lisikae. Kabla ya gundi tulifuta nyuso zote mbili kwa tina, ile ya kuzimulia rangi, kwa kuwa mvule una mafuta yake yanayozuia gundi kushika, kisha tukatumia epoksi ya kuchanganya na kukaza kwa vibano usiku kucha. Miisho ya mbao, pale nyuzi zinapokatika, tuliipaka praima mara tatu kabla haijaingia mahali pake, maana huko ndiko maji hunyweka haraka. Skrubu mpya zote ni za shaba ya njano.

Dirisha la kwanza lilituchukua Jumamosi tano. Nilikata tamaa katikati, sifichi. Shule ilikuwa na mitihani, nilikuwa nikirudi nyumbani na mikono iliyochanika, na mume wangu akaniuliza kwa upole ni nani atakayepanda behewa hilo. Hakuna atakayelipanda kwenda popote. Reli ilifika Kisumu kutoka Mombasa mwaka 1901, Jinja ikapata njia yake ya kwenda Namasagali mwaka 1912, na mwaka 1931 daraja la Nile likakamilika hapa mlangoni petu, treni zikavuka kwenda Kampala. Leo kwenye daraja hilo sisikii treni ya abiria. Nilimjibu kwamba nataka mtoto wa darasa langu aminye vishikio vile viwili, aone dirisha linashuka, aweke kiwiko pale nilipokuwa nikiweka changu. Akaninunulia glovu.

Kila mfuko ukikamilika, tunaupima kabla ya kurudisha ubao wa ndani. Mmoja anamimina jagi la maji mdomoni mwa mfuko, mwingine analala chini ya behewa na kopo. Maji yakichelewa, tunafungua tena. Dirisha la nne lilichelewa mara mbili, bati lilikuwa limeinamia upande usio wake. Paa na viti sitaki kuvisimulia hapa. Paa tulilivika turubai la pamba juu ya rangi nzito likakaa vizuri, na viti bado vinangoja mtu wa kushona.

Mwezi wa kumi mvua ilitukuta ndani. Ilikuja ghafla kutoka ziwani, ikapiga upande wa madirisha tuliyoyamaliza. Vijana walitaka kukimbilia jukwaani, Mzee akawaambia wakae. Akagonga sakafu kwa mkongojo. Tukanyamaza wote. Chini yetu, chini ya sakafu, tukayasikia maji yakidondoka kwenye kokoto, sehemu sita, kila moja na mlio wake.

"Hayo ni madirisha yenu," akasema.

Upande wa pili hatukusikia kitu. Jumamosi ijayo tunaanza la saba.