Kujifunza Kuandika Programu kwa Daftari la Kikundi

Anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta hupoteza muda mwingi kwa kulinganisha lugha: Python, Java, JavaScript au C. Ushauri wangu ni kwamba achague Python, kisha asiulize tena swali hilo mpaka awe na programu yake mwenyewe inayofanya kazi. Lugha hiyo, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991, haina malipo, na sentensi zake ni fupi kiasi kwamba akili ya anayeanza hubaki kwenye hoja anayoifanyia kazi. Pa kuandikia, napendekeza Thonny, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, kwa kuwa huonyesha hatua kwa hatua thamani inayohifadhiwa chini ya kila jina. Asiye na kompyuta anaweza kuanza kwa simu ya Android akitumia Pydroid 3, ingawa kuandika kwenye kioo kidogo kunachosha.

Wapo wanaoogopa kwa sababu Kiingereza chao ni kidogo. Nasisitiza kwamba hicho si kizuizi cha kumrudisha mtu nyumbani. Python 3, toleo linalotumika sasa, ina maneno maalumu 35 tu, yaani maneno ambayo lugha yenyewe imeyapa maana, na nusu yake hayahitajiki kabisa katika wiki za mwanzo. Majina mengine mengi mwandishi hujitungia, na hakuna kinachomzuia kuandika jumla = hisa * 5000 (alama * ni ya kuzidisha), sentensi ambayo mweka hazina yeyote wa VICOBA angeielewa bila kufundishwa.

Na hapo ndipo ningependa mwanafunzi aanzie: kwenye daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, kwa sababu hesabu zake anazijua na jibu lisilo sahihi atalitambua mara moja. Katika programu ya kwanza aandike mwenyewe idadi ya hisa za mwanachama, kisha programu itoe jumla ya fedha. Ya pili imuulize mtumiaji michango miwili na kuijumlisha, na hapa atakutana na jambo la kushangaza: akiingiza 5000 na 5000, kompyuta itajibu 50005000. Chochote kinachopokelewa kwa input, amri ya kumuuliza mtumiaji, huhesabiwa kuwa maandishi, na maandishi yakijumlishwa huunganishwa tu, mpaka yageuzwe kuwa namba kwa amri ya int. Anayekaa na fumbo hilo mpaka alielewe amejifunza aina za data kwa namna ambayo video ya saa nzima haiwezi kumfundisha. Baada ya hapo aweke sharti la kukataa hisa zinazozidi kiwango cha katiba ya kikundi, halafu mzunguko wa kupitia wanachama wote.

Makosa yatakuwa mengi, na kuyasoma ni stadi ya kujifunza kwa makusudi. Python inapogoma, mstari wa mwisho wa ujumbe wake ndio wa kusomwa kwanza, kwa kuwa hutaja aina ya kosa. Mistari ya juu yake huonyesha lilipotokea. NameError, kwa mfano, mara nyingi humaanisha kwamba jina limeandikwa hisa mahali pamoja na hissa mahali pengine. Aangalie pia umri wa masomo anayofuata mtandaoni: yale yanayoandika print, amri ya kuonyesha jibu, bila mabano ni ya Python 2, toleo la zamani ambalo liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na yatamletea makosa asiyostahili.

Nasihi nyingine ni kwamba asinakili msimbo, yaani maandishi ya programu, uwe wa mtu au wa akili bandia, ambao hawezi kuueleza mstari kwa mstari.

Programu hiyo itasahau kila kitu inapofungwa, hivyo hatua inayofuata ni kujifunza kuhifadhi michango kwenye faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato, ambayo mweka hazina anaweza kuifungua kwa Excel na kuilinganisha na daftari la karatasi. Hesabu zikipishana hata kwa shilingi mia, mwanafunzi aitafute tofauti hiyo mpaka aipate, kabla ya kuongeza kipengele kingine chochote.