Nilivyofungua pikipiki nzima bila kuchubua rangi

Pikipiki yangu niliifungua hadi ikabaki fremu, nikairudisha, na rangi ya tangi na makava iko vilevile ilivyotoka kwa mpiga rangi. Nalisema hili kwa fahari kwa sababu karibu kila niliyemuuliza kabla ya kuanza alinijibu jambo lilelile: tandika blanketi, utakuwa salama.

Uongo. Blanketi nililijaribu kwanza kwenye kava kuukuu lisilo na kazi tena. Lilikuwa limefuliwa, lakini kava lilikuwa na vumbi, na kila nilipoligeuza zile chembe zilisaga rangi. Vumbi la barabarani lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko vanishi ya juu. Nilipolielekeza kava kwenye mwanga, uso wote ulikuwa na vimikwaruzo kama utando wa buibui, na spana haijagusa hata mara moja! Kwa hiyo mimi kila kipande nakiosha kwa maji mengi ya sabuni kikiwa bado kwenye pikipiki. Kikitoka kinalala juu ya sponji nene yenye shuka safi la pamba. Mkanda wenye bizimu, saa na pete vinavuliwa kabla sijainama juu ya tangi.

Sasa kitu ninachojivunia hasa. Bolti za kava zimekaa karibu mno na rangi, kiasi kwamba mdomo wa soketi, ile spana ya bomba inayovaa kichwa cha bolti, ukizunguka unachora pete nyeupe. Ukibandika tepu ya karatasi peke yake, soketi inaikata na kuendelea na rangi. Nilichukua chupa tupu ya maziwa, ile ya plastiki laini, nikakata kipande bapa ukubwa wa kiganja. Katikati nikatoboa tundu la kupita kichwa cha bolti tu, si soketi, kisha nikapiga msasa kingo zote. Kipande kinavishwa kwenye bolti na kushikiliwa kwa tepu pembeni. Soketi inazunguka juu ya plastiki, na hata spana ikiteleza inateleza juu ya plastiki. Nimekata vya ukubwa mbalimbali, na havikunigharimu chochote.

Tepu yenyewe usiiache juani, gundi itabaki. Na kwenye rangi mbichi usiibandike kabisa. Muulize aliyeipiga inakomaa lini.

Ukitoa shokapu za mbele, funga usukani kwa kamba, la sivyo usukani utazunguka na kugonga tangi.

Mafuta ya breki ya madaraja yanayoandikwa DOT 3 na DOT 4 kwenye chupa huyeyusha rangi. Wanaokwambia upanguse haraka kwa kitambaa wanakufanya uyatandaze. Ndoo ya maji iwe karibu: mwaga maji kwanza, mengi, ndipo ukaushe. Tone lililoangukia madigadi yangu nililiondoa hivyo, na hapo pamebaki panang'aa.