Mtikisiko wa ubongo na kazi ya kurudi golini

Tarehe 13 Julai 2014, katika fainali ya Kombe la Dunia kwenye uwanja wa Maracanã, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani na bega la beki wa Argentina, Ezequiel Garay. Aliinuka, akaendelea kucheza, na baada ya dakika kadhaa akamsogelea mwamuzi Nicola Rizzoli na kumuuliza iwapo mechi ile ndiyo fainali yenyewe. Rizzoli alidhani anataniwa. Alipotambua kwamba swali lilikuwa la kweli alimwarifu Bastian Schweinsteiger, na Kramer akatolewa dakika ya 31. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, ingawa ndani yake mna kijana aliyeachwa akikimbia uwanjani kwa takriban robo saa bila ubongo wake kufanya kazi ipasavyo, mbele ya madaktari wa timu bora duniani.

Ikiwa Maracanã walichelewa kutambua, si ajabu kwamba kwenye uwanja wa mtaa wetu hapa Morogoro hakuna aliyeshtuka mara moja pale mdogo wangu, ambaye ni kipa, alipogongwa na goti la mshambuliaji ubavuni mwa kichwa wakati wa kona. Hakuzimia, hakutoka damu, na jina lake alilitaja vizuri alipoulizwa. Kocha aliniambia kwa nia njema kabisa, "Dada, huyu yuko sawa, mwache amalizie kipindi." Kilichonitia shaka ni kwamba kijana aliniuliza matokeo, nikamjibu, na baada ya muda mfupi akaniuliza tena kwa sauti ileile, kana kwamba hatujaongea.

Mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hazimii. Wanaopoteza fahamu ni wachache, pengine mmoja kati ya kumi au pungufu, kwa hiyo anayesubiri kuona mchezaji amelala chini bila kujitambua ndipo amtoe atawaacha wengi waendelee kucheza. Wala kumuuliza jina lake hakusaidii, kwa kuwa jina ni kitu cha mwisho mtu kusahau. Maswali yanayofaa ni yale yanayojulikana kama maswali ya Maddocks, ambayo hugusa kumbukumbu ya muda mfupi: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani amefunga bao la mwisho, wiki iliyopita mlicheza na nani, na je, mlishinda? Mdogo wangu alijibu la kwanza na la pili, akakwama katika la tatu, akaanza kukasirika. Hasira ile nayo ilikuwa dalili, kwa sababu si kawaida yake. Mchezaji akikosea hata moja, atoke na asirudi siku hiyo, hata akidai kwamba amepona. Bodi inayosimamia sheria za soka, IFAB, ilikwisha kuruhusu mashindano kuwa na mabadiliko ya ziada ya kudumu kwa mchezaji anayeshukiwa kupata jeraha hili, hivyo pale mashindano yanapoutumia utaratibu huo, kocha hana sababu ya kuogopa kwamba atamaliza nafasi zake za kubadilisha wachezaji.

Zipo dalili ambazo hazihitaji maswali, bali gari la kwenda hospitali: maumivu ya kichwa yanayozidi kila saa, kutapika tena na tena, degedege, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, shingo kuuma sana, majimaji maangavu kama maji kutoka puani au sikioni, na usingizi mzito ambao mtu haamki akiitwa. Hizo zinaweza kumaanisha kuvuja damu ndani ya fuvu, na hapo kila dakika ina thamani. Kwa sababu hiyohiyo, saa za mwanzo si za kumeza aspirini wala dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni bila ushauri wa daktari. Parasetamoli ndiyo salama zaidi.

Usiku ule mama alikataa katakata mtoto wake afumbe macho. "Mwanangu, ukilala na jeraha la kichwa huamki," alimwambia, nami nimeisikia imani hiyo kwa watu wengi, wakiwemo wasomi. Daktari aliyemchunguza alimweleza mama kwa heshima kwamba mgonjwa akishachunguzwa na dalili za hatari zikakosekana, usingizi humsaidia kupona, mradi asiachwe peke yake katika saa 24 za kwanza. Mama alikubali, lakini alilala kwenye mkeka kando ya kitanda chake.

Kipimo cha CT, yaani picha ya mionzi ya ndani ya kichwa, kilirudi safi, na hapo ndipo familia nyingi hufungua mikono na kushukuru. Kipimo hicho huonyesha damu na mifupa iliyovunjika. Mtikisiko wa ubongo ni jambo jingine: nyuzi za neva huvutwa wakati ubongo unaposukwasukwa ndani ya fuvu, chumvichumvi zilizo ndani na nje ya seli huvurugika, na seli hudai nguvu nyingi za kujirekebisha wakati uleule ambao mtiririko wa damu umepungua. Hakuna picha ya kawaida ya hospitali inayonasa upungufu huo. Ndiyo maana kijana mwenye kipimo safi alishindwa kustahimili mlio wa redio, akawa anakaa na kofia ndani ya nyumba kwa sababu ya mwanga, na akisoma ukurasa mmoja kichwa kinamgonga.

Zamani ushauri ulikuwa kulala kwenye chumba chenye giza mpaka kila dalili iishe. Ushauri huo umeachwa. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022, ambao tamko lao lilichapishwa mwaka uliofuata, walisema wazi kwamba mapumziko ya siku moja au mbili yanatosha, tena si ya kujifungia, na kwamba baada ya hapo mtu aanze kutembea na kufanya shughuli nyepesi hata kama dalili chache zingalipo. Simu na runinga zipunguzwe hasa katika saa 48 za mwanzo. Binafsi naona hapa ndipo tunapopoteza watu wengi, kwa kuwa jamii yetu inajua hali mbili tu, mgonjwa na mzima, na mtu anayetembea taratibu barabarani saa za kazi akiwa hana bandeji huonekana mvivu.

Mdogo wangu alianza kwa kutembea jioni, nami nikiwa pembeni yake. Kanuni tuliyopewa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ilikuwa nyepesi kuifuata: kabla ya kuanza ajipe alama ya maumivu na kizunguzungu kati ya 0 na 10, kisha ajipe tena akiwa anaendelea. Zikipanda kwa alama zisizozidi mbili na zikashuka ndani ya saa moja, aendelee. Zikizidi hapo, asimame na kesho apunguze mwendo. Mwanzoni kilima kidogo tu kilimsimamisha. Baadaye akawa anakipanda, kisha anakikimbia, na mapigo ya moyo ndiyo yaliyokuwa kipimo chetu, si umbali.

Kichwa kilipotulia, kizunguzungu kilibaki, na kwa kipa hilo ni tatizo kubwa, kwani kazi yake ni kuufuata kwa macho mpira unaoruka huku kichwa na mwili vikienda upande mwingine. Uwezo huo hutegemea sikio la ndani na macho kufanya kazi pamoja, na ushirikiano huo huweza kuvurugika baada ya kugongwa. Zoezi lake lilikuwa herufi E iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ukutani usawa wa macho. Alisimama mbele yake umbali wa mkono ulionyooshwa, akatikisa kichwa kulia na kushoto kama mtu anayekataa jambo, huku macho hayaondoki kwenye herufi. Siku za mwanzo alilalamika, "Dada, herufi inaruka." Mtaalamu alimtaka apunguze kasi mpaka herufi itulie, kisha aongeze kidogokidogo, baadaye alifanya akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na hatimaye akiwa anatembea.

Shingo nayo ilihitaji kushughulikiwa, kwa sababu pigo linalotikisa ubongo huivuta shingo pia, na sehemu ya maumivu tuliyodhani ni ya kichwa ilikuwa inaanzia kwenye misuli ya kisogo. Kulikuwa pia na kizunguzungu cha namna nyingine, kilichomjia akigeuka kitandani na kuisha kabla ya dakika kutimia. Hicho husababishwa na chembe ndogo za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio, na mtaalamu alikiondoa kwa kumlaza na kumgeuza kichwa kwa mpangilio maalumu uitwao Epley.

Kurudi uwanjani kulikwenda kwa hatua, kila moja ikichukua angalau siku nzima: mbio nyepesi, mazoezi ya kudaka akiwa na kocha peke yake, mazoezi na wenzake bila kugusana, kisha mazoezi kamili, na mwisho mechi. Hakuruhusiwa kuingia kwenye hatua zenye wachezaji wenzake akiwa bado na dalili, na kabla ya kugusana na mtu alipaswa kuwa na kibali cha daktari. Uingereza, kwa wachezaji wa ridhaa, mwongozo wa mwaka 2023 hauruhusu mechi kabla ya siku ya 21, nami niliutumia kumtuliza kocha aliyekuwa na mechi ya watani wiki iliyofuata. Shule na kazi hutangulia michezo. Asiyeweza kumaliza kipindi cha darasani hana cha kufanya golini.

Walio mbali na mtaalamu wanaweza kuanza wenyewe matembezi na kujipa alama, kwa uangalifu. Shingo na ule mgeuzo wa kitandani wasijaribu nyumbani, na dalili zikivuka wiki nne waombe rufaa kwenda hospitali yenye kitengo cha fiziotherapia, hata kama CT ilikuwa safi.