Nilivyoziingiza hadithi za kale za Kiswahili kwenye kifaa changu cha kusomea

Nimekuwa msomaji tangu nikiwa shule ya msingi, na nyumba yetu ya Kimara, Dar es Salaam, ina vitabu mpaka juu ya kabati la vyombo. Tangu shemeji yangu aliponiletea kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki kutoka Toronto, kila anayekiona huniuliza kama karatasi nimeiacha. Sijaiacha, na sina mpango huo. Ila kifaa hiki kimenipa saa za kusoma ambazo zamani zilikuwa zinapotea bure, na kwa upande wa Kiswahili kimenipa kazi ninayoipenda sana. Hiyo kazi ndiyo hasa nataka kuieleza.

Saa zenyewe ni za njiani. Asubuhi napanda basi la mwendokasi Kimara Mwisho kwenda Posta, na mara nyingi nasafiri nimesimama. Mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika kifaa. Changu ni Kobo Clara HD, kioo chake inchi sita, uzito wake gramu 166, kwa hiyo kidole gumba peke yake kinatosha kufungua ukurasa. Kitabu kinene cha karatasi hakisomeki hivyo. Kinataka mikono miwili na mahali pa kukaa. Nikishuka, jua la Posta limeshakuwa kali na simu haionyeshi kitu, lakini maandishi ya kifaa yanazidi kuonekana vizuri. Kioo chake hakimuliki macho kama cha simu. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, na umeme huzivuta chembe hizo juu au chini kupanga herufi. Zikishajipanga zinabaki palepale bila kula chaji, chaji inatumika ukurasa unapobadilika tu. Teknolojia hii ilizaliwa chuo cha MIT kule Marekani, na kampuni yake, E Ink, ilianzishwa mwaka 1997. Kwangu maana yake ni kwamba umeme ukikatika usiku, mimi naendelea na sura yangu, kwa sababu taa ndogo iliyomo inatumia chaji kidogo sana na inaweza kupunguzwa mpaka rangi ya mshumaa.

Jumamosi ni siku ya karatasi. Nikipata nafasi huenda Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, jengo ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1967, au hupita kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara mjini. Riwaya za Kiswahili nyingi ninazozipenda bado zinapatikana kwa karatasi tu, na nikizipata mpya hununua dukani. Kuna PDF za riwaya hizo zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kurasa zimepigwa picha kwa simu, nyingine vidole vya mpiga picha vinaonekana pembeni. Sizipakui. Mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo mno hata pale tunaponunua, na mimi sitaki kuwa miongoni mwa wanaompunguzia hicho kidogo.

Mashairi nayo nasoma kwa karatasi, na hapa sababu ni ya kiufundi. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani (yaani silabi) kumi na sita, vipande viwili vya mizani nane nane, na kina cha kati kinakaa katikati na cha mwisho mwishoni. Jicho huzoea kuviona vina vimepangana wima, ubeti mzima. Sasa weka mshororo huo kwenye kioo cha inchi sita, kisha ukuze herufi kidogo: neno la mwisho linaanguka mstari wa chini likiwa peke yake, mshororo unaofuata nao unafanya hivyo hivyo, na ubeti wa mistari minne unakuwa vipande vinane visivyolingana. Kina cha mwisho kinaonekana kama kianzio. Nimeona dawa yake ni kuuvunja mshororo kwenye kituo chake, ukwapi, yaani kipande cha kwanza, mstari wake na utao, kipande cha pili, mstari wake, lakini hilo lazima lifanywe kwa mkono na mtu anayejua kuhesabu mizani. Tenzi hazina shida hiyo, kwa kuwa kila mshororo una mizani nane tu na unaenea vizuri.

Kwa muda mrefu basi ilikuwa hivyo: Kiingereza kwenye kifaa, Kiswahili kwenye karatasi. Mpangilio huo uliniuma. Saa zangu nyingi za kusoma ni zile za njiani, na zote zilikuwa zinakwenda kwenye lugha ya watu wengine. Nilichotafuta ni maandishi ya Kiswahili ambayo muda wa hakimiliki yake umekwisha, ili niweze kuyashughulikia bila kumdhulumu mtu. Yapo, na ni mazuri kuliko watu wanavyodhani. Nilianza na ngano zilizokusanywa Zanzibar na Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu huko, ambazo zilichapwa London mwaka 1870 kwa jina la Swahili Tales. Humo mna Kisa cha Punda wa Dobi, pamoja na yule kima na yule papa na habari ya moyo ulioachwa mtini. Sote tumesimuliwa, ila wachache wamekisoma kwa Kiswahili cha watu waliokisimulia Unguja zaidi ya miaka 150 iliyopita. Nakala ya picha ya kitabu hicho inapakuliwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive.

Picha, lakini, si maandishi. PDF ya namna ile ukiifungua kwenye kioo cha inchi sita, ukurasa mzima unasinyaa na herufi zinakuwa za kukodolea macho. Ukikuza, unaanza kusukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari, na ladha yote ya hadithi inakwisha. Kinachotakiwa ni faili la aina ya EPUB, ambamo maandishi hujipanga upya kufuata ukubwa wa herufi unaoutaka. Kutoka kwenye picha kwenda EPUB nilitumia programu mbili za bure: Tesseract, ambayo inasoma picha ya ukurasa na kuigeuza kuwa maandishi, na ambayo unaweza kuiambia kwamba lugha ni Kiswahili, kisha Calibre, ambayo inatengeneza kitabu chenyewe na ina sehemu ya kukihariri. Kwa kuwa Steere aliweka Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili, kwanza nilizitenga kurasa za Kiswahili peke yake.

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza, na kama unataka kujaribu, hapa ndipo pa kukazia.

Vitenzi vyetu ni virefu. Kwenye kitabu cha kuchapwa, mwisho wa mstari neno kama "akawaambia" hukatwa kwa kistari: "akawaa" huku, "mbia" kule. Programu inabeba kistari hicho kama kilivyo, na maneno hayo yakishajipanga upya kwenye kifaa unakutana na "akawaa-mbia" katikati ya mstari. Calibre inaweza kuvitafuta vistari vyote vilivyokuwa mwishoni mwa mstari na kuviunga kwa pamoja, mradi uifanye kazi hiyo kabla hujaziondoa alama za mwisho wa mistari. Ukishaziondoa huna tena njia ya kujua kipi kilikuwa kistari cha kukatia na kipi ni cha haki.

Halafu kuna herufi m. Wino uliofifia huifanya isomeke kama r na n zilizokaribiana, kwa hiyo "mtu" anakuwa "rntu" na "mji" unakuwa "rnji". Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa sababu hakina neno linaloanza na r na n zilizofuatana hivyo. Zilizo mwanzoni mwa neno unaamuru zote zigeuzwe m kwa mkupuo mmoja bila hofu. Shida ni pale m inaposomwa kama "ni". Huwezi kuamuru "ni" zote zigeuzwe, maana nusu ya lugha yetu ingekwenda. Mbaya zaidi, mara nyingine neno linalotokea ni neno halali. "Mtume" akisomwa "nitume", hakuna kikagua tahajia kitakachokuambia kitu. Neno lipo, sentensi tu ndiyo imeharibika. Kikato cha ng'ombe na ng'ambo nacho hupotea, na huwezi kukirudisha kwa mkupuo, kwani utaiharibu ngoma na nguo. Kila neno linatafutwa kwa jina lake.

Makosa ya namna hiyo yanataka macho ya mtu, tena mtu anayekijua Kiswahili kwa masikio. Nyumbani kwetu mtu huyo ni mama. Yeye anaishi Tanga na huja kukaa nasi anapokuwa na kliniki yake ya macho. Alikuwa ameacha kusoma vitabu, kwa sababu hata kwa miwani maandishi ya kawaida yanamchosha. Nilimwekea Punda wa Dobi, nikaikuza herufi mpaka ukurasa ukawa na mistari michache tu, nikamwonyesha pa kugusa. Alisoma jioni ile yote akiwa amekaa kwenye mkeka sebuleni. Nilikuwa jikoni nilipomsikia ananiita.

"Mwanangu, njoo uone hiki kitabu chako."

"Abee, mama."

"Hapa wameandika 'akatia nikono'. Nikono ndiyo nini?"

"Mkono, mama. Mashine imesoma vibaya."

"Basi mashine yako haijui Kiswahili. Na huku nyuma yako mengine, nimeyaruka tu."

Nikamfundisha kuyatia alama: unabonyeza neno kwa kidole, unashikilia kidogo, linapata kivuli. Kifaa kinaziweka alama zote kwenye orodha moja, kila moja na mahali ilipo. Tangu siku hiyo utaratibu wetu umekuwa huo. Mama anasoma mchana na kutia alama. Mimi usiku nafungua orodha yake kwenye kompyuta, naweka picha ya ukurasa wa zamani pembeni, nalinganisha na kusahihisha. Yeye anayaona ambayo mimi nayapita, kwani jicho langu lina haraka, linajua hadithi inaelekea wapi na linalirekebisha neno lenyewe kabla sijalisoma. Mama anasoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Kosa likipita mdomoni mwake analisikia.

Kuna mara alitia alama mahali ambapo mashine haikukosea. Neno lilikuwa la Kiunguja cha zamani, mimi silijui, nikaenda kuangalia picha na kweli ndivyo lilivyochapwa. Kwenye maneno ya namna hiyo tumekubaliana jambo moja, na nalisisitiza kwa yeyote atakayefanya kazi hii: hatubadilishi. Kosa la mashine tunalifuta. Lugha ya msimulizi tunaiacha ilivyo, hata kama sikio la leo linaiona ngeni. Mwenye kusoma akitaka maana, kamusi ipo. Tukianza kuinyoosha ilingane na Kiswahili tunachoandikia barua za ofisini, hatutakuwa tumehifadhi kitu.

Mpangilio wangu wa kusoma umebadilika kutokana na hayo. Asubuhi kwenye mwendokasi nasoma Kiswahili, ama hadithi tuliyokwisha kusafisha ama rasimu ambayo bado ina vumbi, na nikikutana na kosa nalitia alama hapohapo nikiwa nimesimama. Jioni narudi kwenye riwaya ya karatasi, kitini, kwa kuwa riwaya nzuri nataka kuiona inavyopungua upande wa kulia. Vitabu vya kazini viko kwenye kifaa. Vitabu vya kuazimana vinabaki vya karatasi. Jirani yangu hawezi kuazima faili aje kuniambia mhusika fulani amemuudhi, huku amekishika kitabu mkononi na kuninyooshea ukurasa. Ninalo daftari la walioazima, na nawakumbusha bila aibu. Masika ninapovitoa vitabu rafuni kuvipepeza, kwa sababu unyevu wa Dar unaleta ukungu kwenye majalada, ndipo ninapojua vipi havijarudi.

Punda wa Dobi sasa imekwisha, ina orodha ya sura na jalada nililolitengeneza mwenyewe, na nimewapa faili ndugu na marafiki wanaosomea kwenye simu. Hadithi nyingine za Steere tunaziendea moja moja. Kitabu kinachofuata nimeshakipakua: Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903 na Carl Velten, ambacho sehemu kubwa yake ni kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ni kirefu na kina mambo ya harusi, ngoma, uganga na mazishi ambayo mama anasema mengine aliyakuta kwa bibi yake. Ameniagiza nimtolee kwanza sura za harusi. Kliniki yake ni mwezi ujao, kwa hiyo wiki hii naondoa vistari.