Lupu zinazochelewa kwenye iPad: tiba yake

Tatizo lenyewe: ngoma za chapuo na vumi zikirekodiwa jukwaani Lamu, lupu (kipande cha sauti kinachojirudia) ya pili inabaki nyuma ya ya kwanza, na kila ukiongeza nyingine mdundo unazidi kuvurugika.

Mchawi wa kwanza ni spika ya Bluetooth, ambayo huweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Itoe, tumia waya. Kisha weka bafa (fungu la sauti ambalo iPad hulikusanya kabla ya kulicheza) ya sampuli 128 kwenye 48,000 Hz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde; hiyo ni kama milisekunde 2.7. Sauti ikianza kukwaruza, panda hadi 256.

Halafu programu. GarageBand ni ya bure, na Live Loops zake zatosha kupangia wimbo nyumbani, ila gridi (mistari ya kupangia mapigo) hufuata kasi uliyoiweka, na ngoma ya watu haikai kwenye gridi. Loopy Pro ni ya kulipia, lakini lupu ya kwanza ndiyo inayoweza kuamua kasi, tena inapokea pedali ya mguu ya MIDI (mfumo wa vifaa vya muziki kupeana amri), mikono ikabaki kwenye ngoma.

Maikrofoni ikae nyuma ya spika. Ikizielekea, lupu mpya itameza na zile za zamani.